Magamba Yaliyoyeyuka Chupani

Kazi yangu ya kwanza mjini ilikuwa kumimina fomalini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimelelewa Rabai, nimepanga chumba Majengo. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, ya kuchunguza bahari, mwendo mfupi kutoka kivuko cha Feri. Mkubwa wangu alikuwa mtu mzima wa Mji wa Kale aliyewahi kusomesha, na sote tulimwita Maalim.

Kila baada ya majuma mawili Maalim alitoka na boti, akakokota wavu laini kama chachi, akarudi na maji yenye ukungu. Mimi niliyaona machafu tu, mpaka siku aliponikalisha mbele ya hadubini. Ndani ya maji yale mlikuwa na konokono wadogo kama chembe za mchanga, magamba yao yanapitisha mwanga kama kioo, wakipiga vijibawa viwili.

"Hawa ni chakula cha chakula cha samaki wetu," akaniambia. "Hawana nguvu ya kushindana na maji. Yanakokwenda ndiko nao wanakokwenda."

Yeye akishamaliza kuwatazama, mimi niliwatia chupani, nikamimina fomalini wasioze, nikaongeza kijiko cha unga mweupe uitwao boraksi, nikaandika tarehe. Unga ule ulikuwa wa nini, sikuambiwa wala sikuuliza. Nilidhani ni wa kupunguza harufu.

Mkebe wa boraksi ukaisha. Nikamwendea mwenye stoo, akasema umeshaagizwa. Nikarudi juma la pili, jibu lilelile. Mara ya tatu akanikatiza: "Dada, si nimekwambia?" Wenzake wakacheka, wakaigiza matamshi yangu ya kwetu Rabai. Sikwenda tena. Nikawa namimina fomalini tupu, na Maalim sikumwambia kitu. Ikapita miaka miwili.

Asubuhi moja Maalim akaja na mrija wa kunywea soda. Alikuwa amesoma kwamba moshi wa magari na viwanda ukipanda angani, bahari humeza sehemu yake, na maji yakimeza hewa hiyo huelekea kwenye ukali kama wa ndimu. Akajaza maji ya bahari katika chupa mbili za mdomo mpana, akatia konokono wazima kote kuwili. Moja akawa anaipulizia pumzi kwa mrija, asubuhi na alasiri.

"Pumzi tunayotoa ina hewa ileile iliyomo katika moshi," akanieleza.

Siku ya tatu aliniita nitazame. Wa chupa ambayo hakuipulizia walikuwa wanang'aa. Wa chupa aliyoipulizia magamba yao yalifanya utando kama macho ya samaki aliyelala sokoni, na kingo zimelika.

"Gamba lao ni chokaa, mwanangu," akasema. "Chokaa na ukali havikai nyumba moja."

Papo hapo akazikumbuka chupa zetu rafuni. Akafungua za karibuni. Konokono walikuwa uchi, vijinyama kama punje za wali uliovurugika, gamba hakuna. Akafungua za mwaka uliotangulia, hali moja. Za zamani zaidi zilikuwa na magamba kamili. Maalim akakaa chini.

"Imeshaanza," akasema. "Hapa hapa kwetu."

Juma lile aliwaandikia wataalamu wenzake wa mbali kwamba bahari yetu imeanza kuyeyusha magamba. Barua nilizipiga chapa mimi, nikijiona nimo katika jambo kubwa.

Siku chache baadaye nilimkuta amesimama rafuni. "Wale niliowavua juzi walikuwa na magamba mazima," akasema, kama anajisemea. "Maji ni yaleyale. Hawa wa chupani wamepatwa na nini?" Akachovya karatasi ya kupimia ukali ndani ya fomalini. Ikageuka nyekundu, alama ya ukali.

"Boraksi ulikuwa ukitia?"

"Nilikuwa nikitia, Maalim."

Akanitazama. "Basi mwenye stoo ametupa dawa mbovu. Jumatatu nitamshitaki."

Sikulala vizuri. Jumamosi nikaenda nyumbani kwake, mtaa wa Ndia Kuu. Mkewe akanipokea, "Karibu mwanangu," akaniletea gilasi ya maji ya ukwaju, nikaishika tu. Maalim alipoketi nikamwambia yote, mkebe ulivyoisha, nilivyonyamaza, na uongo wangu.



"Fomalini yenyewe ni kali," akasema. "Unga ule ndio ulioizuia isile magamba. Mbona hukuniuliza?"

"Niliona aibu."

"Miaka miwili, mwanangu." Akafunika uso kwa viganja. Mkewe akaniondolea gilasi mkononi, maana nilikuwa naimwaga.

Jumatatu akaandika barua nyingine za kutengua zile za kwanza. Hizo pia nilizipiga chapa mimi. Wakubwa waliposikia wakasema kazi hiyo imeshawaaibisha vya kutosha, boti ikapewa watu wengine. Chupa zilizoharibika tukaambiwa tuziondoe. Nilijifunga leso puani, nikazimwaga moja moja katika pipa la taka za dawa, naye Maalim amesimama kando anasoma kila tarehe kabla sijamimina. Kanikanya mara moja tu, nisiruhusu fomalini inirukie machoni.

Alistaafu mwaka uliofuata, kifua kikimsumbua, na hakumaliza mwaka wa pili. Siku ya mazishi nilikaa na wanawake. Mkewe akanishika mkono, akaniambia mumewe hakuwahi kulitaja jina langu kwa ubaya. Nilitamani angeniambia kinyume chake.

Nilibaki ofisini miaka mingi, na maji ya bahari nimeyapima mara nyingi tangu hapo. Lakini magamba ya miaka ile miwili yalikuwa manene au membamba kiasi gani, hakuna tena awezaye kujua.