Manifoldi Ndani ya Leso

Jana mume wangu alirudi na manifoldi mpya, lile bomba la kuingiza hewa kwenye injini, ya gari lake kuukuu la Pijo. Alikuwa ameifunga kwa leso ninayombebea mtoto.

Harufu ya petroli ikanirudisha utotoni, gereji ya Namuwongo. Mimi na baba tulimwacha mama nyumbani na uchungu wa kuzaa, akisubiri turudi na gari. Baba, aliyekuwa askari, aligonga manifoldi mbili kwa kucha, akizisikiliza.

“Afande, ukifunga hii ya kabureta mbili gari litaruka,” fundi alisema.

“Hebu lete tena ile nyingine.”

Nilifurahi. Nilidhani baba anamtafutia mama mwendo wa kufika hospitali. Tuliporudi jioni, mama alikuwa ameondoka kwa bodaboda, peke yake. Baba aliuliza chakula kiko wapi.

Leso nimeifua. Manifoldi nimeitupa mtaroni, mume wangu akaizamie.