Kiingereza cha Kujifungia Chumbani

Jamani, aibu za wenzangu huwa zinaisha, mtu anahama mtaa, watu wanasahau, maisha yanaendelea, lakini yangu mimi haiishi, maana mpaka leo kuna watu wazima pale Korogwe wakiniona sokoni wananiita "Madam Rudia", na mimi naitika, nitafanyaje. Mmeniuliza kama hizi programu za kompyuta za kujifunzia lugha nyumbani zina faida yoyote. Haya, kaeni vizuri niwaambie, ila mkicheka mcheke kwa kiasi.

Enzi hizo nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule ya serikali hapa Chanika, Handeni. Ndiyo ule wakati milango imefunguliwa na kila kitu kinaingia, mitumba, simu za mkononi, na shule za watu binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea. Zilianzia miji mikubwa, mwisho na Korogwe ikajengwa moja, ina ukuta wa rangi mbili na bembea (shuleni kwetu watoto walikuwa wanakaa sakafuni). Likabandikwa tangazo kwamba wanatafuta walimu, mwalimu anapewa nyumba, na mtoto wake mmoja anasoma bure. Binti yangu Zuhura alikuwa ndiyo kwanza anataka kuanza shule, mdomo wake haufungi, anauliza mpaka unachoka. Na mimi nilikwisha kuwaona watoto wengi wa namna hiyo, wanafika kidato cha kwanza wanakutana na Kiingereza ghafla, mdomo unafungwa, wanakaa kimya mpaka wanamaliza na kurudi nyumbani bila kitu. Sikutaka Zuhura wangu anyamaze. Hilo tu ndilo lililonipeleka, msinisingizie nyumba.

Sasa, Kiingereza cha kusoma na kuandika nilikuwa nacho, barua ya maombi niliiandika mwenyewe na wakaniita, ila cha kusema sikuwa nacho hata kidogo. Na humo humo ndani ya nyumba yangu alikuwa analala mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mume wangu, Baba Zuhura! Lakini Baba Zuhura ana ugonjwa mmoja: ukikosea anacheka, tena si kukucheka yakaishia hapo, anangoja waje wageni awasimulie. Niliwahi kumwomba chumvi kwa Kiingereza, ilipofika Idi shemeji zangu wote kutoka Mashewa walikuwa wanaomba chumvi kwa kuniiga mimi, mkeka mzima unaangua kicheko, na pilau wanalokula nimelipika mimi tangu alfajiri. Nikaapa kwamba yule bwana hatanifundisha hata herufi moja.

Ndipo kaka yangu wa Dar akaniletea kompyuta iliyotumika, zile zenye kichogo, pamoja na CD ya kujifunza Kiingereza nyumbani bila mwalimu. Bila mwalimu! Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonimaliza. Nikaiweka chumbani, mchana naifunika kitambaa cha kufuma, jioni Baba Zuhura akitoka kwenda kwenye kahawa yake nafunga mlango. Mle ndani kulikuwa na mama mmoja wa sauti laini, anasema sentensi, inalia kengele, ting, na wewe unarudia vile vile alivyosema, kwa sauti ile ile, halafu kioo kinawaka kijani na kukusifu: "Excellent!" Tangu masika mpaka tunavuna mahindi nilikuwa nasifiwa kila jioni, na wallahi sijawahi kusifiwa hivyo na binadamu. (Siku moja kengele ililia, jogoo wa jirani akawika dirishani kabla sijafungua mdomo, mashine ikamsifu na yeye, "Excellent!" Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilimfukuza jogoo nikaendelea na somo.)

Kichwa kikavimba. Nikamshonea Zuhura sare ya ile shule, sketi ya marinda na tai, nikawatangazia majirani, nikaenda kumuaga mwalimu mkuu wangu kwa maneno ninayoyajutia, nilimwambia nawaachia shule yenu na madawati yenu, na madawati yenyewe hayakuwepo.

Siku ya usaili nilidhani nitaingizwa ofisini, niulizwe mawili matatu, yaishe. Kumbe mwenye shule ana akili ya biashara, amewaalika wazazi, amefunga turubai uwanjani, na kila mwalimu anayeomba kazi asimame afundishe mbele yao, waone wenyewe kitu wanacholipia, sisi tumepangwa pembeni kama ng'ombe wa mnadani. Zuhura akakalishwa mstari wa mbele na watoto wa chekechea, tai shingoni, anatabasamu.

Jina langu likaitwa. Nikasimama mbele. Watoto wakainuka wote kwa pamoja: "Good morning, madam!"

Sikilizeni, miaka yote watoto wakiinuka wananiambia shikamoo mwalimu, nami nasema marahaba, hata usingizini naweza. Ila ile sentensi ya Kiingereza ilikatika, kikafuata kimya, na katika kile kimya nikaisikia kengele kichwani mwangu kabisa, ting, mdomo ukafunguka wenyewe, nikawajibu kwa sauti yao ile ile:

"Good morning, madam!"

Wazazi wakacheka kidogo, cheko la kuniwia radhi. Watoto maskini, wamefundishwa adabu, wakaendelea: "How are you, madam?"

"How are you, madam?" nikasema, tena nimeitamka vizuri sana.

Mkuu wa shule, Mganda mmoja mrefu, mpole, akaona nimeshikwa na hofu, akaja kuniokoa. Akaniambia pole pole nijitambulishe: "Please, introduce yourself." Niliielewa! Kila neno nililielewa, na jina langu nalijua, nina umri wote huu nalo. Lakini jioni zote zile hakuna hata siku moja aliyekaa mbele yangu akangoja niseme jambo la kwangu mwenyewe. Nikamtazama machoni nikamrudishia, "Please, introduce yourself," na kwa kuwa nilizoezwa kuiga mpaka sauti, nikaitoa kwa lafudhi yake ya Kiganda, na kwa sauti yake nzito.

Turubai lote likalipuka. Mganda wa watu akabadilika uso, akaniuliza kwa ukali kama namdhihaki. Na mimi nikamuuliza kwa ukali ule ule kama ananidhihaki.

Hapo nilipaswa kukimbia, sivyo? Sikukimbia. Nikasema nitafute kitu chochote nilichokishika, kikaja kilichokuwa karibu, somo la hotelini, nikalimwaga lote bila kupumua, nikaomba chumba kinachotazama bahari na kifungua kinywa cha watu wawili, pale Korogwe, mbele ya watoto wa chekechea. Watoto nao wakadhani ndiyo somo, wakaanza kurudia kila ninachosema. Baba mmoja nyuma akapaza sauti: "Bwana mwenye shule, ndiyo mtatufundishia watoto kwa kaseti?"

Na Zuhura? Zuhura alikuwa anacheka kuliko wote, anapiga makofi, alidhani ni mchezo nimewatungia. Kisha akauona uso wangu. Mikono ikasimama hewani, akawageukia watu nyuma, akawatazama mmoja mmoja wanavyonicheka.

Mwenye shule akaniambia, "Ahsante mama, tutakuita," na wote tulijua maana yake. Aliyefuata alikuwa mwanamke kijana kutoka Mombo, alisema vizuri tu, kazi akapewa pale pale, makofi mengi. Alikuwa na mtoto wa kiume. Mwenye shule akanikuta mstari wa mbele nimekwenda kumchukua Zuhura, akainama kwa heshima zote.

"Samahani mama, naomba binti ampishe huyu mwenzake."

Zuhura akainuka mwenyewe kabla sijamwambia.

Habari zilifika Handeni kabla yetu. Baba Zuhura nilimkuta barazani, na safari hii, ajabu, hakucheka.

"Mama Zuhura, si ungeniambia mimi?"

"Ungenicheka."

Nilingoja akatae, sikuona anakataa, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo, juu yake na juu yangu.

Kwa hiyo mkiniuliza, programu zenyewe zina faida, maneno nimeyapata mengi mle, hoteli yoyote ya pwani naweza kupanga. Lakini nimeapa sitajifungia tena na kitu kinachonisifu bila kunisikia. Siku hizi nasema Kiingereza na Baba Zuhura barazani, nakosea mbele ya majirani, anacheka, namwambia cheka ukimaliza unirekebishe, na kweli siku hizi ananirekebisha. Nimekijua. Nimekijua wakati hakinisaidii kitu. Zuhura yuko sekondari sasa, yule yule aliyekuwa hafungi mdomo, walimu wake wananiambia daftari lake zuri ila darasani hasemi neno. Jioni akitusikia tumeanza, anachukua ndoo anatoka. Namwita, "Njoo mwanangu, hapa hakuna wa kukucheka," naye ananitazama tu, kwa heshima, kama mtu anayejua kuwa mama yake anamdanganya.