Marahaba ya Mwanaidi

Juzi nilikuwa nafagia ukumbi wa nyumba ya wageni kule Pangani, mahali ninapofanya kazi kwa sasa, akapita mgeni mmoja aliyetoka kujipaka mafuta ya kuzuia jua. Yananukia nazi, lakini nazi ambayo haijawahi kukunwa na mtu. Tamu mno, kama pipi. Nilisimama na fagio mkononi. Kwa pua yangu, hiyo ndiyo harufu ya wivu, na kama hamjui wivu unanukaje, kaeni niwasimulie.

Nilikuwa na miaka tisa, naishi kwa bibi yangu mzaa baba, Tandika. Kitanda chetu kilikuwa kimoja, cha kamba. Yeye upande wa nje, mimi ukutani. Bibi aliniita mke mwenza, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. "Mke mwenza, njoo uchague mchele." "Mke mwenza, nikune mgongo." Jina langu la Zuhura nililisikia shuleni tu, na sikulihitaji kwingine.

Kisha akaja Mwanaidi. Baba yake, baba mdogo Rashidi, alihamia naye Uingereza akiwa bado wa kubebwa, na sasa walikuwa wanarudi nyumbani kwa mara ya kwanza, likizo ya kiangazi. Kiangazi cha huko, maana kwetu ilikuwa Julai, asubuhi tunaoga maji ya kupasha, na yeye anakatiza uani na kaptura, anang'aa mafuta yaleyale ya kunukia nazi, anasema jua kali. Tulikuwa rika moja. Nilichunguza kila alichokuja nacho, hata mswaki wa betri ulionguruma kama nyuki aliyenaswa koponi. Nilitaka kujua kila kitu, na kila nilichokijua kilinizidishia chuki.

Lakini si vitu vilivyoniuma. Kilichoniuma ni kwamba Bibi alimpokea mlangoni kwa kumwita mama. Mwanaidi lilikuwa jina la mama yake Bibi, na kwetu mtoto akirithi jina anarithi na heshima yake. "Mama yangu kaja! Mama, umekula?" Na mama huyo akapewa ukutani, pale pangu. Mie nikatandikiwa mkeka chini.

Jirani yetu, Mama Chausiku, hakuacha ipite hivi hivi. "We mke mwenza!" alinipazia sauti kutoka barazani kwake, anageuza vitumbua. "Mwenzio kaletewa mamake. Wewe talaka yako lini?" Wateja wakacheka. Nami nikacheka, meno tu.

Jumapili wazee wa ukoo walikuwa waje kumwona mtoto. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kondo wa Kipawa, kaka yake Bibi, ambaye siku zote alisema Rashidi atatuletea mtoto mzungu asiyejua adabu zetu. Baba mdogo alilijua hilo. Asubuhi nzima alikuwa anapiga pasi kanzu ileile. Mwanaidi akanifuata kwenye bomba la maji na Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Zuhura, wazee wakija, mimi nasema nini?"

Ningeweza kumwambia. Shikamoo hata mtoto anayeota meno anafundishwa.

"Sema marahaba," nikamjibu. "Kwa sauti."

Akaiandika kiganjani kwa kalamu. Alikosea herufi moja, nikamrekebishia.

Wazee walipokwisha kukaa mkekani, Mwanaidi alisogea mbele ya Mzee Kondo, akapiga goti kama alivyoelekezwa na baba yake, akachungulia kiganja, akasema kama anayesoma risala: "Marahaba!"

Neno la mkubwa la kuitikia, limetoka kinywani mwa mtoto, na hakuna aliyemwamkia. Baba mdogo aliinamisha kichwa. Mzee Kondo akaweka kikombe chini.

"Nani kamfundisha huyu mtoto?"

Macho ya Mwanaidi yakaanza kunitafuta pale mlangoni nilipojibanza. Hayakufika. Bibi alikwisha kuinuka, na magoti yake yale mabovu, akaja kuinama mbele ya mjukuu wake.

"Shikamoo, mama."

Mwanaidi neno alikuwa nalo hilo hilo moja. "Marahaba!"

"Umeona?" Bibi akamgeukia kaka yake. "Kondo, mama anakungoja. Au wewe ulizaliwa na nani?"

Mzee akamtazama dada yake. Kisha mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Shikamoo, mama." Wengine wakafuata, watu wenye mvi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akapewa marahaba yake, huku baba mdogo anajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Fitina yangu ilikuwa imegeuka sherehe. Nilikwenda kukaa nyuma ya choo, nikang'oa ukoka mpaka vidole vikawa kijani. Mimi hakuna mzee aliyewahi kuniamkia.

Jioni Bibi alinikuta palepale. Akaniwekea sahani yangu ya wali.

"Mke mwenza, kesho mfundishe na ile nyingine," akasema, akaondoka.

Kumbe alijua. Na hilo likaniuma zaidi: niliona amempenda mama yake mpaka hana hata nafasi ya kunichapa.

Wivu huo nimezunguka nao sana. Niliacha nao shule kidato cha pili, nikafika nao Tanga, Mombasa, hadi Maskati, na Bibi alifariki nikiwa huko. Niliporudi Tandika kwa wiki tatu, nikawa mgeni wa kuletewa kiti katika nyumba niliyokulia, nilikaa uani nikaipitia siku ile polepole. Ndipo nilipogundua kwamba miaka yote nilikuwa naikumbuka kwa kuruka. Nilikumbuka marahaba, halafu shikamoo. Swali la Mzee Kondo lililokuwa katikati nilikuwa nimelitupa.

Mwanaidi angesamehewa na kila mtu. Alikuwa mgeni, na mtoto. Mtu pekee aliyekuwa hatarini uani pale ni yule aliyejibanza mlangoni. Bikizee yule aliinama upesi kuliko macho ya Mwanaidi, mbele ya kaka yake na ukoo mzima, ili swali lisipate jibu. Shikamoo niliyoionea wivu ilitolewa kwa ajili yangu.

Nimelijua hilo, na nashukuru. Lakini mniwie radhi, hata leo natamani ningeiitikia mimi.