Mguu wa Breki

Silvanus ameteremsha watalii kwa gari kwenye mteremko mkali wa kreta ya Ngorongoro kwa miaka kumi na tisa, na hakuna siku ambayo gari lilimshinda. Mkewe Verediana alipohamia chumba cha binti zao, akisema anapigwa mateke kitandani, Silvanus aliona ametukanwa. Mzee wa kanisa mzima ampige mke? Akanuna mwaka mzima.

Juzi, bustanini mwa loji moja ya Rhotia, wageni wake walikuwa wakifanya yoga. Mwalimu wao, Nareyu, akamwita naye alale kwenye mkeka. Alikubali kwa heshima tu.

"Vuta pumzi, itoe taratibu, mwili uuachie."

Akauachia. Alijiona amelegea kama nguo iliyoloa. Nareyu akachuchumaa miguuni pake.

"Kaka, huu mguu unakanyaga nini?"

Silvanus akainua kichwa. Mguu wa kushoto ulikuwa umejilalia. Wa kulia ulikuwa umenyooka kama mti, unyayo umesukumwa mbele, paja linatetemeka. Alikuwa akikanyaga breki. Akajaribu kuuachia, ukakataa. Baada ya pumzi nyingi ndefu ukalegea, kisha ukakanyaga tena wenyewe.

Jioni alifika nyumbani Karatu. Akatandika mkeka sebuleni, akalala chali, akamwomba Verediana aushike ule mguu. Verediana akaweka chini ungo wa maharage, akaushika kwa mikono miwili.

"Ndio huu," alisema. "Na kabla hujapiga teke, huwa unawaambia wageni usingizini wasiogope. Sauti yenyewe inalia."