Tuliomba Muaustralia

Binti yangu alizaliwa Sydney, akasoma Sydney, na Kiingereza chake anakivuta puani kama wenzake wote wa St Marys, mtaa wetu. Alipomaliza chuo, fani ya kuwafundisha wagonjwa kutembea tena baada ya kuvunjika, akapata kazi London. Wakala wa huko alimsaili kwa simu, akafurahi mno. Wateja wake, alisema, wanawapenda sana Waaustralia, ni wachangamfu na hawana makuu.

Kazi ya kwanza akapelekwa kwa mzee aliyevunjika nyonga. Akabisha hodi, begi mkononi. Mke wa mzee akafungua, akamtazama juu mpaka chini, akasema wanamsubiri Muaustralia.

"Ndiye mimi," binti yangu akamwambia.

"Hapana, mpenzi. Tuliomba Muaustralia." Akafunga mlango ili ampigie wakala simu. Mwanangu akabaki nje, mvua inamnyeshea.

Sasa sikia walichofanya. Wakala akatuma kijana mweupe, tena wa New Zealand! Australia hajaishi hata wiki. Mke wa mzee akamkaribisha chai na kumsifia lafudhi yake ya Kiaustralia. Binti yangu akahamishiwa kwingine, akaambiwa asilitie moyoni. Basi mimi nikalitia moyoni, nikaenda nalo mpaka kazini.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwenzangu wa zamu ni Muaustralia mzungu, mtu mwema, ambaye mwanawe naye yuko London, benki. Yeye humwita mwanawe expat, yaani mtaalamu aliye ughaibuni. Mimi nina miaka mingi hapa na bado naitwa migrant, mhamiaji, lakini hilo tuliache. Wakati wa chai nikamsimulia yaliyompata binti yangu. Akanishika mkono.

"Aw, darl, usijali. Poms, hawa Waingereza, ndivyo walivyo. Mwanangu ofisini wanamwita mfungwa kila siku."

Maana zamani Waingereza waliwaleta wafungwa wao huku, na hadi leo wanawatania Waaustralia kuwa ni vitukuu wa wezi. Mwanawe hucheka, huwarudishia, na jioni wananunuliana bia. Nilimsikiliza damu ikinichemka. Wangu hata tusi la Waaustralia wamemnyima! Hakuna aliyemwita mfungwa. Hakuna aliyeona anafaa kutaniwa.

"Mwanao wanamtukana kwa sababu wanajua ni wa wapi," nikamwambia.

Akacheka, akidhani natania. Nikaenda kuosha kikombe changu, maana ningebaki pale ningesema neno baya.

Nilipofika nyumbani nikampigia binti yangu. "Rudi nyumbani," nikamwambia. "Acha kuwabembeleza watu wasio na haya. Mtoto wa watu anasimamishwa mvuani!" Nikasema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Akaniacha nimalize. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Nirudi wapi, Mum? Unakumbuka ile siku shuleni, ya kuvaa mavazi ya kwenu?"

Nilikumbuka. Alikuwa darasa la pili, akakataa kitenge nilichomshonea, akaenda na jezi ya Australia, ya kijani na njano.

"Mwalimu aliniuliza kwa nini sikuvaa ya kwetu. Nikamwambia ndiyo hii. Akasema hapana, darling, ya kwenu hasa. Akanivua, akanipa fulana ya shule kutoka kwenye kabati lake. Wewe nilikwambia nimeimwagia juisi."

Akasema atabaki London. Huko, alisema, angalau walimfungia mlango watu asiowajua.

Mimi ile jezi niliifua. Nililitafuta doa nikalikosa, nikafurahi kuwa juisi imetoka kirahisi. Na mwalimu yule, mwanaharamu yule, mwisho wa mwaka nilimpelekea sambusa, sinia zima, nikamshukuru kwa kumlea mwanangu.