Barafu Kati Yangu na Mjukuu Wangu

Sifa ni kwa Mungu aliyenifikisha uzee huu na bado ananivumilia, maana mimi mwenyewe ningekuwa nimejichoka zamani. Haya ninayosimulia ni ya aibu, na aliyejiaibisha ni mimi, mzee wa kanisa hapa Nyamianda.

Binti yangu Furaha anaishi Amerika, na mtoto wake Neema, wa miaka minane, anajua Kiingereza tu. Kila tulipoonana kwenye simu alinitazama kidogo, akakimbia (nami nabaki naongea na ukuta wao). Iliniuma. Nikaanza kujifunza Kiingereza kwa mwalimu mmoja wa mtaani, naye akanieleza kwamba kwa Waingereza, watu wasiozoeana wakikaa kimya, anayewachangamsha kwanza husemwa amevunja barafu.

"Kwa mfano, Muzee, mukutano ikianza, unatoa kamzaha kadogo."

Nikaandika mzaha wangu kwenye daftari, mistari minne, habari ya mbuzi aliyeingia kanisani.

Ningepiga simu ile chumbani, mambo yangeisha salama. Lakini kiburi! Jumapili baada ya ibada nikatangaza kwamba alasiri nitaongea Kiingereza na mjukuu wangu, anayetaka aje kwangu. Wakaja wote, wamama wa kwaya mbele, simu ikaegemezwa kwenye thermos ya chai, Neema akatokea, akatutazama kimya, nasi tukamtazama kimya, na mimi, badala ya kusoma mzaha, nikafanya tunalofanya kabla ya neno lolote: "Tufumbe macho, tuombe."

Nikaomba. Nikashukuru kwa mvua ya kule Luvungi, nikaombea wagonjwa, wasafiri, wajane, Amerika yote na wakubwa wake, na kila nilipotaka kumaliza wamama waliitikia "Ndiyo, Bwana!" nami nikapata nguvu mpya. Niliposema amina na kufumbua macho, simu ilikuwa imekatika.

"Mega za intaneti zimeisha," akasema mke wangu.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu kwa wajane."

"Umejuaje, na macho ulifumba?"

"Nilifumba moja."

"Na weye ukanyamaza tu?"

"Miye nikatize maombi?"

Shemasi akainuka, akanipa mkono. "Asante, Muzee. Kiingereza tumekisikia." Kicheko chao kilinisindikiza hadi ndani, daftari kwapani, nikijua kwamba yule mtoto sasa hatanitazama tena kabisa.

Ndipo simu ya mke wangu ikaita. Alikuwa Furaha. "Papa, Neema iko anacheka tangu ile saa. Mwangalie." Neema alikuwa amefumba macho, uso juu, mikono hewani, akinung'unika haraka haraka kama mimi, kisha akapaza sauti kama wamama: "Ndiyo, Bwana!" Nikacheka mpaka machozi, naye akacheka, nikajibu "Amina!" naye akarudia, na hakukimbia. Mzaha wa mbuzi sikuusoma. Alinionyesha jino lake lililong'oka, nikamwonyesha mapengo yangu yote.

Siku hizi hunipigia mwenyewe. Nami nimeapa: maombi marefu nayamaliza kabla ya kushika simu, tena mlango ukiwa umefungwa.

Nawe unayesoma, Mungu akupe afya na subira, na yule wa damu yako aliye mbali amjalie kutamani kuisikia sauti yako.