Kijiti Kando ya Korongo

Juzi nilirudi Kwamsisi kwenye arobaini ya baba, nikiendesha mwenyewe, na lile korongo letu nililivuka kabla pipi haijayeyuka mdomoni. Siku hizi lina daraja, ndugu yangu. Nikasogea mbele kidogo, nikapaki pembeni, nikalia.

Utotoni mwangu hapakuwa na daraja. Baba alikuwa na Landrova ya kupeleka abiria na mahindi Korogwe, na masika korongo lilikuwa likijaa mpaka linanguruma. Madereva wenzake walikanyaga mafuta wakapita. Baba, thubutu! Alizima gari, akavua viatu, akachomeka kijiti pale maji yalipoishia. Maji yakikiacha kijiti hatua tatu, aliingia kwa miguu kupima. Yakimpita magoti, alirudi tukasubiri tena. Abiria walisonya. Sisi tulikula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, tukisikiliza vyura. Kuchunga kijiti ilikuwa kazi yangu, na niliringa nayo kwelikweli.

Nikiwa darasa la tano, bibi, mama yake baba, alishikwa na homa kali. Asubuhi tulimlaza kwenye godoro nyuma ya gari, tukaondoka na abiria wengine saba kumpeleka hospitali Korogwe. Tukakuta korongo limefura. Baba akachomeka kijiti. Adhuhuri ikafika maji yako palepale, bibi anahema kwa shida, nami namnywesha maji kwa kijiko.

Nilimwona baba mzembe, nisikufiche. Alipokwenda kuswali, nikaking'oa kijiti nikakichomeka juu zaidi, hatua tatu kamili, kisha nikamwita kwamba maji yamepungua. Alifurahi, maskini, akaingia mbiombio. Hakufika mbali, maji yakampanda kifuani yakamzoa. Bahati yake alidaka mzizi, abiria wakamvuta. Alitoka anatetemeka, akakitazama kijiti, akanitazama mimi. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Unaogopa maji, ndiyo maana bibi anakufa," nilimwambia.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Hata mimi nataka mama yangu afike."

Akakirudisha kijiti ukingoni mwa maji, akakaa chini kukichunga mwenyewe. Bibi alikata roho alasiri. Jioni maji yalipungua, abiria wakavuka kwa miguu, sisi tukageuza gari kumrudisha bibi nyumbani.

Aliendesha miaka mingi baada ya hapo, na hakuna abiria wake hata mmoja aliyechukuliwa na maji. Neno langu la siku ile hatukuligusa kamwe. Kila nilipokwenda likizo nilijiambia safari hii nitamwomba radhi. Nikifika, tunaongea habari za mvua na mahindi, siku zinaisha, naaga.

Tulipokuwa tunarudi kutoka arobaini, mimi na binti yangu, mvua ilitushika tukikaribia Korogwe. Mbele yetu maji yalikuwa yamefunika barabara. Nikasimama kando, nikawasha taa za tahadhari. Malori yalitupita yakipiga honi, dereva mmoja akanipungia kwa dharau. Binti yangu, naye yuko darasa la tano, akaniuliza kama naogopa.

Nikamwambia naogopa, mwanangu. Akaridhika, akaegemea dirisha, akaendelea kumenya chungwa lake. Mimi nikabaki nimeshika usukani, nimelisema neno la baba, na yeye wa kumwomba radhi tumemzika.